Kutu ya mazoezi tunaiondoa ya nini?

Lawama ya kwanza nalitupia neno lenyewe. Aliyeamua kuziita antioksidanti, yaani vitamini C na E na wenzao wanaozuia kutu ya mwilini, "viondoa sumu" alitoa hukumu kabla kesi haijasikilizwa. Kikiwepo kiondoa sumu basi sumu ipo, na nani anataka sumu mwilini? Ndiyo maana Jumamosi asubuhi, vikundi vya jogging vya hapa Dodoma vinapomaliza mzunguko na watu wananyoosha viungo, utaona vidonge vya vitamini C vya miligramu 1,000 vikitoa povu kwenye chupa za maji. Jasho halijakauka, "sumu" tayari inatimuliwa.

Mama mmoja wa kikundi chetu, miaka hamsini na kitu, aliniuliza majuzi: "Mwalimu, nimeze kabla ya kukimbia au baada?" Nikamwomba wiki moja nikasome. Wiki imeisha, na jibu limekuwa refu kuliko swali.

Wanaotetea vidonge hawakuokota hoja yao barabarani. Misuli ikifanya kazi nzito hutoa radikali huru, chembe zenye njaa ya elektroni ambazo hunyang'anya popote zinapopita: kwenye mafuta ya utando wa seli, kwenye protini, hata kwenye vinasaba. Mwaka 1982 watafiti wa Berkeley, Marekani, waliwakimbiza panya mpaka wakachoka kabisa, wakapima, wakakuta radikali hizo kwenye misuli na ini zimepanda mara mbili hadi tatu. Kuanzia hapo hesabu ilionekana nyepesi. Mazoezi yanaleta kutu, vitamini C na E zinazuia kutu, basi anayekimbia ameze. Kwenye chupa ya maabara hesabu hiyo inakubali bila ubishi.

Ila mwili si bati. Bati likishika kutu linaendelea kuliwa tu mpaka mvua iingie ndani. Mwili ukiguswa na kutu kidogo unajipaka rangi wenyewe. Radikali zinazotoka wakati wa mbio ndizo zinazopeleka taarifa kwamba kazi imezidi uwezo uliopo, na seli ikipata taarifa hiyo inaongeza vimeng'enya vyake vya ulinzi na inaongeza mitokondria, yale majiko yanayochoma chakula kwa oksijeni. Ndiyo maana mtu aliyekimbia miezi mitatu ana ulinzi imara kuliko jirani yake anayeshinda kwenye kiti, ingawa yeye ndiye anayezalisha hizo "sumu" kila asubuhi. Sasa mzuie mleta taarifa mlangoni uone kama fundi atakuja.

Wajerumani walijaribu mwaka 2009. Vijana wa kiume wapatao 40 walifanya mazoezi wiki 4, nusu yao wakimeza kila siku miligramu 1,000 za vitamini C pamoja na vitamini E. Miongoni mwa wasiomeza, mwili ulianza kuitikia insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, vizuri zaidi, jambo ambalo ndilo kinga dhidi ya kisukari linalotufanya tuambiwe tukimbie. Waliomeza walitoka jasho lile lile wakakosa faida hiyo. Kidonge hakikushindwa kazi. Kilifanya kazi yake sawasawa, na hapo ndipo ubaya ulipo.

Kwa moyo mambo ni ya wazi zaidi, ingawa ushahidi ninaoupenda unatoka kwa panya. Wajapani walionyesha mwaka 1999 kwamba panya aliyekimbizwa mara moja tu kwenye mashine, akija kuzibiwa mshipa wa moyo siku mbili baadaye, sehemu ya moyo inayokufa inakuwa ndogo kuliko ya panya aliyestarehe. Mlinzi ni kimeng'enya kimoja chenye manganizi ndani ya mitokondria, ambacho mbio zile zilikiamsha. Panya walipopewa antioksidanti, kimeng'enya hakikuamka na kinga yote ikatoweka. Moyo unajenga ngao kwa sababu umepigwa kidogo. Ukiukinga usipigwe, siku ya pigo kubwa unakutwa mikono mitupu.

Lakini utafiti ulioninyima usingizi ni wa zabibu, na mtu wa Dodoma atanielewa. Zabibu ndilo jina letu. Kuanzia Bihawana hadi Hombolo na Makutupora kuna kaya zinazosomesha watoto kwa zao hilo, na siku hizi huuziwi mvinyo wala juisi ya hapa bila kuambiwa kwamba inasafisha moyo. Sifa hiyo imeegemea resveratroli, antioksidanti iliyomo kwenye ganda la zabibu nyekundu. Kwa panya ilikwisha kuonekana ikiongeza faida za mazoezi. Mwaka 2013 Wadenmark wa Copenhagen wakaijaribu kwa watu: wanaume 27 wa miaka 65 hivi, wazima wa afya lakini wasiozoea mazoezi. Wote walifanyishwa mazoezi makali kwa wiki 8. 14 walimeza miligramu 250 za resveratroli kila siku, 13 walipewa kidonge kitupu, kisicho na dawa ndani.

Pumzi, yaani uwezo wa juu wa mwili kutumia oksijeni, ilipanda pande zote mbili. Ila ongezeko la waliomeza kidonge kitupu lilikuwa kubwa zaidi kwa asilimia 45. Shinikizo la damu lilishuka, kwa karibu milimita 5 za zebaki, kwa hao wa kidonge kitupu peke yao. Lehemu mbaya (kolesteroli) ni hadithi hiyo hiyo.

Hiyo 45 nimeigeuzageuza siku kadhaa. Isomwe kwa makini, maana nimeona inavyopotoshwa. Haina maana kwamba wazee wa kidonge kitupu walikuwa na pumzi zaidi ya wenzao kwa karibu nusu. Asilimia hiyo inahesabu kile kilichoongezeka tu: kama mzee wa resveratroli alivuna debe moja juu ya akiba yake, mwenzake alivuna debe moja na karibu nusu. Tena watu 27 hawajazi hata Costa moja ya Chamwino. Wapo pia wanasayansi walioandika kupinga jinsi matokeo yale yalivyotangazwa, wakisema kufaidika kidogo si kudhurika. Hilo nalikubali. Ninachoshindwa kukipita ni upande ambao mizani ililalia. Kidonge kilipewa nafasi ya kuongeza, kikapunguza. Na waliopunguziwa si vijana wa maabara wenye mioyo ya chuma, ni wazee wa miaka 65, watu wale wale ambao wakipanda kilima cha Mlimwa wanasimama mara tatu, na ambao kila pointi ya shinikizo la damu ina maana kwao.

Mkulima wa Hombolo asininunie. Mvinyo mwekundu una miligramu chache tu za resveratroli kwa lita, kwa hiyo kuzifikia 250 kwa siku ungehitaji dumu baada ya dumu, na ini lingekukatalia mapema sana. Tunda halina kesi hapa. Vivyo hivyo ubuyu, wenye vitamini C mara kadhaa ya chungwa gramu kwa gramu, na mlenda, na karanga. Hakuna anayefikisha vipimo vya kwenye majaribio haya kwa kula mezani kama binadamu wengine. (Na anayeuza mvinyo kwa jina la moyo naye atafute hoja nyingine.)

Upande wa pili una karata yake nzuri, nayo inatoka Norway. Mwaka 2014 watu 54, wanaume kwa wanawake, walifanya mazoezi wiki 11, baadhi yao wakimeza vitamini C na E kwa wingi. Protini za mitokondria zilipanda kwa wasiomeza tu, kama nadharia inavyotaka. Ila walipopimwa pumzi na kukimbizwa, makundi yote mawili yalikuwa yamepiga hatua sawa. Mtetezi wa vidonge atauliza, na ana haki: protini za kwenye darubini zina faida gani kama mguu unakimbia vile vile? Jibu langu ni kwamba wiki 11 ni muda mfupi kwa mguu kuanza kulipa deni la seli. Nakiri hilo ni jibu la mtu ambaye tayari amechagua upande.

Siku ya shindano nayo ina hesabu tofauti na miezi ya maandalizi. Waendesha baiskeli waliokomaa, walipotiliwa kwenye mshipa antioksidanti iitwayo asetilisisteini, walidumu muda mrefu zaidi kabla ya kuchoka. Alphonce Simbu wetu wa Singida alitwaa dhahabu ya dunia Tokyo, Septemba 2025, kwa tofauti ya sekunde 0.03 baada ya kilomita 42. Mahali palipo na pengo jembamba namna hiyo, simlaumu mtu anayeuliza kila kinachoruhusiwa. Vilevile vitamini C ilipunguza mafua kwa nusu katika majaribio matano ya wakimbiaji wa marathoni, watelezaji wa theluji na askari kwenye baridi kali. Lakini sisi wa jogging ya Jumamosi, kilomita tano na picha ya pamoja, hatumo humo.

Tena yuko mtu ambaye kidonge kinaweza kumfaa kweli, naye ni mwenye upungufu. Wagiriki walipima vijana 100, wakawachukua 10 wenye vitamini C ndogo kabisa. Pumzi yao ilikuwa chini na msongo wa oksidisheni, yaani radikali kuuzidi ulinzi wa mwili, ulikuwa juu. Walipopewa vitamini kwa siku 30 msongo ukashuka na pumzi ikaelekea kupanda. Huku kwetu, mwishoni mwa kiangazi, mboga zikiwa zimebaki zile za kukausha, watu wa namna hiyo wapo. Dawa yao, kwa maoni yangu, iko kwenye gunia la ubuyu kabla haijafika duka la dawa.

Kuna jaribio dogo la Marekani la mwaka 2009 linalojibu karibu kila kitu. Wanaume wachache wazee, wenye shinikizo la damu la juu kidogo, wasio na mazoezi, walipewa antioksidanti. Mishipa ikatanuka vizuri, shinikizo likashuka. Kisha wakafanyishwa mazoezi wiki 6, mwili ukajirekebisha, halafu wakapewa zile zile tena. Safari hii shinikizo likapanda na mishipa ikakaza. Watu wale wale, dawa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa walikuwa na ulinzi wao wenyewe, na mgeni akaja kuuvuruga.

Vitamini E nayo ilijaribiwa kwa watu 9,541 wenye ugonjwa wa moyo na mishipa au kisukari, kwa takriban miaka minne na nusu, matokeo yakatoka mwaka 2000: haikuzuia shambulio la moyo, kiharusi wala kifo. Wengi wao walipofuatiliwa zaidi, walioimeza walionekana kupata moyo kushindwa kazi mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo mama nilimwambia hivi: si kabla, si baada. Dawa yake ya presha aliyoandikiwa na daktari aendelee nayo kama kawaida, hiyo haimo kwenye mazungumzo yetu. Kopo la vitamini alipumzishe miezi hii anapojenga pumzi, uji wa ubuyu anywe kadiri anavyotaka. Akaniuliza kopo alilokwisha kulinunua alifanyeje. Nikamwambia alitunze, kipupwe cha Juni kikija na mafua tutazungumza upya.