Msimuonee sato

Hapa Mwanza mtu akiambiwa lehemu (kolesteroli) imepanda, ushauri wa kwanza ni uleule: acha nyama, kula samaki. Si ushauri mbaya, ila haujamalizika. Samaki huyo ametoka kwenye karai gani?

Sato ana mafuta kidogo sana. Shida ni kile anachotumbukizwa. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni ya aina inayoganda, nayo ndiyo inayolifanya ini lizembee kuondoa LDL, lehemu mbaya, kwenye damu. Kwenye alizeti aina hiyo ni kama sehemu moja tu kati ya kumi. Kijiko kikubwa cha mafuta ni gramu 14 hivi: kikiwa cha mawese, gramu 7 ni za kuganda, kikiwa cha alizeti, moja na nusu. Anayekula kalori 2,000 kwa siku anashauriwa asizidishe gramu 22. Vijiko vitatu vya mawese vinakaribia kumaliza kiwango hicho, na bado hujanywa chai ya maziwa.

Maandishi ya "haina kolesteroli" kwenye dumu yasikubabaishe. Mafuta ya mimea hayana lehemu tangu zamani. Ni sawa na kuandika kwenye gunia la mchele kwamba halina mifupa. Mafuta ya kupima yaache kwenye chupa usiku kucha. Asubuhi ukikuta weupe umetuama chini, mara nyingi ni mawese, hata kama muuzaji alisema alizeti.

Sato wa kukaanga si lazima aogelee. Mpanguse kwa kitambaa mpaka akauke, maana akiingia na maji mafuta yanapoa, anakaa motoni muda mrefu na kutoka amelowa. Mchanje, weka vijiko viwili vya alizeti, moto wa kati, dakika 5 au 6 kila upande. Usimgeuze kabla ngozi haijaachia yenyewe. Hapo ndipo wengi hukosea, anashika, wanaongeza mafuta. Mafuta yaliyokwisha kuwa meusi na kutoa povu, mwaga. Chukuchuku ni bora zaidi: nyanya, kitunguu, ndimu, maji kidogo, funika dakika 15.

Dagaa waoshe mara tatu kutoa mchanga, wakaushe, kisha wakaange kwenye sufuria kavu mpaka wanukie. Kijiko kimoja cha mafuta kinawatosha.

Kayabo, yule samaki aliyekaushwa kwa chumvi, ni kesi nyingine, ya chumvi na presha. Mloweke, ubadilishe maji mara mbili au tatu; chumvi ya mtu mzima kwa siku nzima haipaswi kuzidi kijiko kimoja cha chai.

Na limau juu ya chipsi? Linaongeza ladha. Halikati mafuta.

Ukishabadili mapishi, usikimbilie maabara wiki ijayo. Ipe damu miezi mitatu ndipo upime, na kama daktari amekuandikia statini, dawa za kushusha lehemu, endelea kuzimeza hata kama sasa unakula chukuchuku kila siku.