Mitetemo ya nyota: tuamini mpaka wapi?

Kama nyota inatetemeka, hakuna mtu anabisha tena. 1962, wataalamu Leighton, Noyes na Simon walitangaza kama uso wa Jua unapanda na kushuka karibu kila dakika 5, na kisha ikajulikana kama gesi inayochemka chini ya uso njo inapiga mawimbi ya sauti, yanaingia ndani yanarudi juu, na kila fasi yanapita joto na aina ya gesi inabadilisha mwendo wake. Mabishano iko hapa: kutoka ku ule mtetemo mpaka kusema nyota hii ina umri fulani, ni kipimo ao ni makisio?

Siye wa Goma hiyo swali inatugusa. 2021, kisha volkano yetu Nyiragongo kulipuka tarehe 22 mwezi wa tano, ardhi ilitetemeka siku na siku, na mashine zikaonyesha magma (mawe yenye kuyeyuka) inaingia chini ya mji na chini ya ziwa Kivu. Ilikuwa kweli. Lakini itatoka ao hapana? Tarehe 27 sehemu kubwa ya mji ikaambiwa ihame, na haikutoka. Mtetemo haukudanganya, ila kuusoma njo kazi.

Wenye shaka wana nguvu sana ku mambo ya umri. Nyota Kepler-444, yenye sayari 5 ndogo, 2015 ilipewa miaka kama bilioni 11.2. Walichukua mitetemo yake wakalinganisha na modeli za kompyuta, wakatafuta yenye inafanana zaidi. Sasa ukibadilisha kidogo kiasi cha heliamu yenye nyota ilizaliwa nayo, umri nao unasogea! Jua letu lina vimondo vya kutuhakikishia miaka bilioni 4.57, nyota zingine hazina.

Lakini wenye kusema yote ni modeli inajisikiliza yenyewe, hapo nakataa kabisa. Juu mitetemo imeshakatalia modeli, tena si mara moja. 2012, data ya satelite Kepler ilionyesha kama ku nyota kubwa nyekundu kiini kinazunguka karibu mara 10 kupita uso, wakati modeli zilikuwa zinasema kingezunguka mbio zaidi ya hapo, na mpaka leo hawajapatana ni nini inakifunga breki. Na mwaka mmoja mbele ya hapo, 2011, kulikuwa nyota zenye kufanana kabisa kwa nje, kumbe zingine zinaunguza hidrojeni pembeni ya kiini, zingine heliamu ndani yake: nafasi kati ya mitetemo ni kama sekunde 50 ku za kwanza, ku za pili inapita 100. Hapo modeli haina kazi kubwa, mafungu mawili yanajitenga yenyewe ku data.

Kwa hiyo mimi nagawa. Mzunguko wa kiini, ao nyota inaunguza nini, hiyo naamini. Umri wenye kosa dogo sana, naomba kwanza nione hilo kosa limehesabu nini. Satelite ya Ulaya PLATO inalenga kujua umri wa nyota zenye kufanana na Jua kwa kosa la 10%, ni kazi nzuri sana, lakini ile 10% lazima ihesabu pia tofauti ya modeli moja na ingine, si makosa ya kamera tu.