Spika zikichoma masikio, msiukimbilie waya

Jamaa yangu wa Kibokoni kanunua spika za mtumba, nzuri tu, zenye twita (vile vispika vidogo vya sauti za juu) za alumini, kaziweka ukumbini na tangu siku hiyo kila mwimbaji wa taarabu akifika kwenye herufi S masikio yanachomwa. Dukani akaambiwa dawa yake ni waya, achukue ule wa shaba nene maana shaba "inalainisha" na madini ya fedha "yanang'arisha", mita 5 kila upande, shilingi 18,000. Barazani tukagawanyika. Wapo wanaosema waya unasikika wazi kabisa, na tupo tunaosema hizo pesa azitumie kwengine, sisi tukaitwa mabahili tusio na masikio, na hilo ndo limenifanya niandike.

Wenye waya kwanza wapewe haki yao. Waya mwembamba sana kweli unabadilisha sauti. Ule wa milimita mraba 0.5, mita 5 kwenda na 5 kurudi, una ukinzani, yaani nguvu ya kuzuia umeme, wa kama omu 0.34, na spika iliyoandikwa omu 8 haina omu 8 muda wote, inashuka mpaka 4 pahali na kupanda mpaka 20 pahali pengine, kwa hivyo sehemu moja ya sauti inapungua kuliko nyengine kwa zaidi ya nusu desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti), na hiyo sikio makini laweza kuishika. Ila hujui itapungua wapi! Spika yako ikiwa imeshuka kwenye bezi, waya mwembamba utakula bezi na mlio uzidi ukali. La pili ni hewa yetu ya bahari. Ncha za waya hapa Mombasa zinashika kutu ya kijani, mtu anafungua waya wa zamani, anafunga mpya, chuma kinagusana na chuma safi, lazima asikie tofauti. Hasemi uongo, ila kilichobadilika ni ile ncha, na angekata sentimita 2 za waya wake wa zamani, akakwangua pia vile visahani vya nyuma ya spika waya unapofungwa, angepata kitu kilekile bure.

Sasa hesabu yenyewe ambayo nataka watu waitulie. Waya wa kawaida wa milimita mraba 2.5, mita hizo hizo 5, una ukinzani wa kama omu 0.07. Kwenye sauti za juu unaongezeka uzito mwengine unaoitwa indaktansi, ambao kwenye kilohezi 20, pale binadamu anapoishia kusikia, unafika kama omu 0.38, watu wakiiona hiyo namba wanaruka, haya si ndo hayo! Lakini haujumlishwi na ile 8 moja kwa moja kwa vile umeme wake unachelewa robo mzunguko, ukipiga hesabu vizuri trebo, yaani hizo sauti za juu, inapungua kuliko bezi kwa desibeli 0.01. Mia moja ya desibeli. Sikio la mtu kwa kawaida linahitaji karibu desibeli nzima, likijitahidi sana nusu. Na fedha inapitisha umeme kuliko shaba kwa kama asilimia 6 tu, na inapitisha bezi vile inavyopitisha trebo, kwa hivyo huo "ung'avu" ni rangi ya chuma machoni.

Linganisha na resista moja, kile kipande kidogo cha kuzuia umeme, ya omu 1 yenye nguvu ya wati 10, bei yake haifiki soda mbili, fundi anaitia kwenye njia ya twita ya omu 8 na trebo inashuka desibeli 1 nzima. Mara mia moja ya ule waya wa 18,000.

Lakini mimi hata resista singeanza nayo, ningeanza na ukumbi. Kuta za lipu ngumu, tailsi chini, zege juu, vioo dirishani, viti viwili vya plastiki. Sauti inagonga inarudi, inagonga inarudi. Mwaka 1895 huko chuo kikuu cha Harvard, Marekani, mwalimu wa fizikia Wallace Sabine alipewa ukumbi wa mihadhara ambao neno likitamkwa linabaki likivuma zaidi ya sekunde 5, akawa usiku anabeba mito ya viti kutoka ukumbi mwengine, anaongeza, anapima, anaongeza, mpaka akapata kanuni ya kukadiria sauti itavuma muda gani chumbani, inayotumika mpaka leo. Kwa kanuni hiyo chumba kitupu cha mita 4 kwa 5, kimo mita 3, chenye sura ngumu kila pande, kinavuma kama sekunde 3 na nusu. Tundika mita mraba 10 za pazia zito lenye mikunjo, inashuka mpaka kama sekunde moja na robo, hasa kwenye zile sauti za juu zinazochoma.

Pazia hilo anashuka Biashara Street anapimiwa. Aongeze zulia mbele ya spika, ageuze spika kidogo zisimtazame usoni, maana twita ni kali zaidi ukiwa mbele yake moja kwa moja. Nimemwambia afanye hivyo wiki mbili kwanza, S ikiwa bado inachoma tumwite fundi na resista yake, na waya ule alionao akate ncha tu.