Injini Imebadilishwa, Gari Haliwaki: Tuanze na Kompyuta au na Mikono?

Anayezijua gereji za Gerezani, Ilala au Tabata jijini Dar es Salaam amewahi kuliona jambo hili. Injini iliyokufa imeshushwa, injini ya mtumba kutoka Japani imepandishwa, mipira ya maji imefungwa, oili imetiwa, na jioni mwenye gari anaitwa aje asikie gari lake likinguruma. Ufunguo unazungushwa, stata inazungusha, injini haishiki. Kufikia jaribio la sita betri imechoka, na hapo mafundi wanagawanyika: fundi wa umeme anataka gari lipimwe kwa kompyuta kabla mtu yeyote hajagusa kitu kingine, ilhali fundi wa injini anataka kuipitia kazi yake upya kwa mikono, hatua kwa hatua, kwa hoja kwamba kama kuna kosa basi limefanyika hapohapo gereji.

Mabishano haya nimeyashuhudia mara nyingi kiasi cha kuamini kwamba kila upande una hoja ya kweli, na kwamba kuyaamua kwa sauti kubwa badala ya kwa vipimo kunamuumiza mtu mmoja tu, yule anayetumwa dukani kununua kifaa ambacho hakikuwa kibovu.

Hoja ya kompyuta ina uzito mkubwa katika magari tunayoendesha leo. Katika IST, Premio, RAV4 na nyinginezo zinazojaza barabara zetu, koili haitoi cheche na nozeli haimwagi mafuta mpaka kontrol boksi, yaani ubongo wa umeme wa injini, iamuru, nayo haiamuru mpaka ipate ishara kutoka sensa ya kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa sababu bila ishara hiyo haijui pistoni iko wapi. Fundi anaweza kubadilisha plagi, filta na pampu ya mafuta kuanzia asubuhi hadi magharibi asiwe amelikaribia tatizo. Kompyuta, kwa upande wake, inaweza kuonyesha kasi ya injini wakati stata inazungusha. Ikisoma sifuri huku puli inazunguka mbele ya macho yenu, mnajua mara moja kwamba ishara haifiki. Hata asiye na mashine ya bei kubwa hajakosa njia, kwani katika Toyota nyingi za zamani kidogo zenye soketi ya kupimia ya pini 16, kuunganisha pini ya 4 na ya 13 kwa waya mfupi na kuwasha swichi hufanya taa ya injini ihesabu misimbo ya hitilafu kwa kukonyeza.

Hata hivyo fundi wa injini anaona kitu ambacho mwenzake hukisahau. Gari lililozimika lenyewe katika Barabara ya Morogoro laweza kuwa na kifaa chochote kilichokufa kwa uchakavu, lakini gari lililofunguliwa lote na kufungwa upya ni habari nyingine, kwa kuwa washukiwa wa kwanza ni vile vitu vilivyoguswa na mikono. Wa mbele kabisa ni waya wa athi, unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri, unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi. Hufunguliwa mapema, huning'inia nyuma ya giaboksi, na husahaulika kwa urahisi kwa sababu gari huonekana limekamilika bila huo waya. Ukikosekana, umeme wa stata hutafuta njia nyingine, hata kupitia kebo ya gia au ya pedali ya mafuta, ambayo hupata moto. Stata huzunguka kwa uzito, na volti zinazobaki kwa kontrol boksi na koili hazitoshi.

Kulithibitisha hili hakuhitaji zaidi ya multimita. Betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6, na stata ikizungusha haipaswi kushuka chini ya 9.6 hivi. Kisha weka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini chenyewe, mtu azungushe ufunguo. Ukisoma zaidi ya nusu volti, athi ni mbovu, iwe imesahaulika, imefungwa juu ya rangi, au imeliwa na kutu, jambo lisilo geni katika mji wenye chumvi ya bahari hewani. Ni kipimo cha dakika mbili, na ninasikitika kila ninapoona gari limevutwa kwa kamba kwenda kupimwa kwingine kabla hakijafanywa.

Mikono na masikio hujua pia mambo ambayo kompyuta haiyaoni kabisa. Stata inayozungusha injini kwa wepesi na kwa mlio usio na mapigo inasema kwamba kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) haipo au taimingi (ulinganifu wa valvu na pistoni) imekosewa, na hakuna msimbo utakaokuambia hivyo kwa uhakika. Injini iliyokaa miezi kadhaa kwenye kontena na kisha uani huweza kuwa na silinda zilizokauka au valvu zilizoganda. Kijiko cha oili katika kila silinda kikipandisha kipimo cha kompresheni, ringi za pistoni zinavujisha, na kisipopandisha, tazama valvu. Katika injini za zamani zenye distribyuta, kigawa cheche kwa kila silinda, kama 5A-FE za baadhi ya Corolla, inatosha kuichomeka distribyuta mzunguko mmoja wa kranki nje ya mahali pake ili cheche itokee wakati wa kutoa moshi, na injini ikohoe kupitia njia ya hewa bila kuwaka. Plagi zilizolowa petroli baada ya majaribio mengi nazo zinajieleza zenyewe: mafuta yanafika, kinachokosekana ni moto, na kabla ya kujaribu tena zikaushwe. Hapa niseme wazi kwamba tabia ya kumwagia petroli kwenye njia ya hewa ili "kuisaidia" injini imekaribisha moto usoni pa vijana wetu bila sababu, na hakuna haraka ya mteja inayoihalalisha.

Gari la jirani yangu lilinifundisha jinsi pande hizi mbili zinavyohitajiana. Lilikuwa IST lililowekewa injini nyingine ya 1NZ-FE. Cheche hakuna, mafuta hayamwagwi, na kompyuta ikatoa P0335, msimbo wa mzunguko wa umeme wa sensa ya kranki. Ikanunuliwa sensa, hali ikabaki ileile. Ikanunuliwa ya pili, vilevile. Siku ya tatu fundi mmoja mtu mzima alilala chini ya gari, akaufuata waya kwa vidole kutoka kwenye plagi ya sensa, mbele chini karibu na puli, akaukuta umebanwa nyuma ya kompresa ya kiyoyozi wakati wa kufunga. Kompyuta haikudanganya. Ilitaja mzunguko, yaani sensa, plagi, waya wote na mwisho wake ndani ya boksi, na waliosoma msimbo wakasikia jina la kifaa.

Kuna tatizo moja ambalo kwalo mikono haifai kitu, nalo ni kinga ya wizi. Toyota nyingi za miaka ya 2000 zina chipu kwenye kichwa cha ufunguo, na utambulisho wake umehifadhiwa kwenye gari lenyewe, mara nyingi ndani ya kontrol boksi. Muuza injini anaposema kwa nia njema "chukua na boksi yake", anaweza kuwa anakuuzia boksi inayokumbuka ufunguo uliobaki Japani. Ukiona taa ya ulinzi kwenye dashibodi inaendelea kukonyeza ufunguo ukiwa ndani, acha spana na umwite mwenye kompyuta. Ndiyo sababu naogopa sana ile kauli ya "tujaribu boksi nyingine": katika gari la namna hii, jaribio hilo huongeza tatizo la pili juu ya lile la kwanza ambalo bado halijajulikana.

Lakini ushauri huohuo wa kuchukua boksi na waya zake huwa ndio wokovu pale injini zinapotofautiana aina, na hapa pande zote mbili za mabishano huchelewa pamoja. Wenye Noah za injini ya 1AZ-FSE, tunazoziita D4, wengi wamechoka na gharama zake, wakatamani 1AZ-FE ya kawaida. Majina yanafanana na vyuma vinafanana, ila ya kwanza humwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, na nozeli zake huendeshwa na kifaa cha pekee cha umeme. Ya pili humwaga kwenye njia ya hewa kwa presha ndogo. Ukiacha waya na boksi ya D4 ukategemea injini ya FE iwake, unasubiri kisichokuja. Vilevile 1NZ-FE zipo ambazo throto, mlango wa hewa ya injini, hufunguliwa kwa kebo, na zipo za throto ya umeme. Swali la aina lilipaswa kuulizwa pale dukani, injini ikiwa bado chini.

Kwa hiyo mimi naanza na utambulisho wa injini, kisha nampa fundi wa injini nusu saa yenye multimita: athi, fyuzi, kila plagi ya waya iliyofunguliwa, cheche, mafuta, mlio wa stata. Taa ya ulinzi ikikonyeza, naivunja ratiba hiyo na kwenda moja kwa moja kwa kompyuta. Isipokonyeza, kompyuta inafuata, lakini lazima ije kabla ya shilingi yoyote kutoka kwa ajili ya kifaa. Mwenye gari aliyesimama pembeni anaweza kuuliza maswali mawili tu, cheche ipo? mafuta yanafika? Asipopata jibu la kipimo kwa yote mawili, na bado akaambiwa akanunue sensa, ana haki ya kuchukua ufunguo wake na kusema kazi iendelee kesho.