Upandishe bei au upunguze ujazo? Tuliangalie kwa hesabu

Kuna mafuta ya kupaka niliyatumia miaka mingi, chupa ileile, kifuniko kilekile, rangi ileile. Siku moja nikanunua mapya kabla yale ya zamani hayajaisha, nikaziweka chupa mbili pamoja bafuni, zimelingana urefu kabisa. Nilipoigeuza ile mpya ndo nikaona kitako kimeingia ndani, kidole gumba kinazama mpaka kwenye kiungo cha kwanza, na kule nyuma kwa maandishi madogo mililita 400 zimekuwa 350. Bei ileile. Sikupiga simu, sikuandika popote, niliacha tu kuyanunua, na hicho ndo kitu kinachonisumbua nikifikiria wenye biashara ndogo, maana mteja wa aina yangu hakuambii chochote, anapotea tu na wewe unabaki unajiuliza mauzo yamekwenda wapi.

Naleta hili kwa sababu ni swali linalowakaba wengi tangu gharama zianze kupaa: malighafi imepanda, je nipandishe bei au niiache bei ilivyo nipunguze kile ninachompa mteja? Na sio shida ya nchi moja. Mwaka 2022 mfumuko wa bei Marekani ulifika asilimia 9.1 mwezi Juni, Uingereza ukagonga 11.1 mwezi Oktoba, nchi zinazotumia yuro 10.6 mwezi huohuo. Halafu watu wakisikia mfumuko umeshuka wanadhani bei zinarudi chini, hapana, bei zinapunguza tu mwendo wa kupanda, zile za juu zinabaki hukohuko juu na mwenye duka anaendelea kununua mzigo kwa bei mpya.

Tuanze na wanaopunguza ujazo, maana wana hoja na sio sawa kuwaita wote matapeli.

Hoja yao kubwa ni mfuko wa mteja. Kuna mtu anatoka nyumbani na hela kamili mkononi, anajua kitu fulani ni kiasi fulani, akifika akakuta imepanda sio kwamba atanunua kidogo, hatanunua kabisa, ataenda kwa jirani au atakaa bila. Ukimwachia bei ileile ukampunguzia kidogo, anaondoka na kitu na wewe umeuza. Hii ni kweli kabisa na ndo maana paketi ndogondogo zinatoka sana popote penye watu wanaopokea hela kwa siku, sio kwa mwezi. Hoja ya pili ni kwamba watu wanakumbuka bei ila gramu hawazikumbuki. Muulize mtu sabuni anayonunua kila wiki ni bei gani atakujibu hapohapo, muulize ina gramu ngapi utaona anatafuta karatasi yake.

Na jicho lenyewe linadanganyika kirahisi. Mjerumani mmoja, Ernst Weber, alilionyesha hili karne ya 19, kwamba binadamu anahisi badiliko kwa uwiano wake na kile alichokizoea, likiwa dogo mno halihisi kabisa. Chukua mche wa sabuni, upunguze urefu kwa asilimia 5, upana kwa asilimia 5, unene kwa asilimia 5. Ukiushika mkononi unaona ni uleule, ila ukipiga hesabu umebaki na asilimia kama 86 ya sabuni ya mwanzo, yaani asilimia 14 imeyeyuka kabla hata haijaguswa na maji. Kampuni kubwa zinalijua hili vizuri. Ofisi ya takwimu ya Uingereza ilifuatilia kuanzia Januari 2012 hadi Juni 2017 ikakuta bidhaa 2,529 zimepungua ujazo na 614 tu ndo zimeongezeka. Sidhani wote hao walikuwa wanakosea, wangekuwa wanaumia wangeacha.

Sasa upande wa pili. Hata hao wakubwa wakikamatwa wanalipia. Mwaka 2016 Toblerone ya Uingereza, ile chokoleti yenye milima milima, ilipunguzwa kwa kupanua nafasi kati ya mlima na mlima, mche wa gramu 400 ukawa 360 na ule wa 170 ukawa 150. Watu walipiga picha ya zamani na mpya zimewekwa sambamba na picha zikazunguka dunia nzima, na mwaka 2018 kampuni ikatangaza kwamba umbo la zamani linarudi, na mche wa gramu 200 ukachukua nafasi ya ule wa 150, kwa bei ya juu zaidi. Yaani waliishia kufanya kilekile walichokikwepa mwanzo, kupandisha bei, ila safari hii wakiwa wameshachafuka jina.

Na mambo yanazidi kukaza. Septemba 2023 Carrefour nchini Ufaransa walibandika matangazo kwenye bidhaa 26 madukani mwao, wakimwambia mteja wazi kwamba hiki kimepungua na sisi bei tunayouziwa imepanda. Kuanzia tarehe 1 Julai 2024 ikawa lazima kisheria kulekule Ufaransa, supamaketi zenye zaidi ya mita za mraba 400 ziweke tangazo kwa miezi 2 pale kitu kinapopunguzwa na bei kwa kipimo, yaani bei ya kila kilo au lita, imepanda. Korea Kusini nao mwaka huohuo mwezi Agosti wakaanza kuwabana watengenezaji wanaopunguza kimyakimya, kuna faini. Sheria hizi zinawalenga wakubwa, lakini zinamfundisha mteja kuangalia, na mteja akishajifunza kuangalia gramu kwenye supamaketi ataziangalia na kwako.

Ila hoja inayonishawishi mimi zaidi sio sheria wala aibu, ni hesabu, na hesabu hii naona watu wengi hawaipigi.

Tuseme unafungasha kitu kwenye paketi za gramu 500 na unauza kwa 100. Kilichomo ndani kinakugharimu 50, mfuko na lebo na usafiri vinakula 20, unabaki na 30. Kilichomo ndani kikapanda asilimia 20, kikawa 60. Sasa gharama ni 80 na faida imebaki 20. Unataka 30 yako irudi. Njia ya kwanza unaweka bei 110, basi, mteja anapata gramu 500 zilezile na kila gramu imempanda kwa asilimia 10. Njia ya pili unaacha bei 100 unapunguza ujazo, lakini mfuko haupungui, lebo haipungui, usafiri ni uleule, kwa hiyo zile 10 zote lazima uzitoe kwenye kilichomo ndani peke yake, na ili kitoke 60 kirudi 50 inabidi paketi ibaki na kama gramu 417. Hapo mteja kila gramu imempanda kwa asilimia 20.

Soma tena hapo. Wewe umepata 30 ileile kwa kila paketi ila mteja umemuumiza mara mbili kwa kila gramu, kwa sababu umemlipisha mfuko uleule kwa kitu kidogo zaidi. Kuna atakayesema vizuri tu, kitaisha haraka atarudi kununua mapema, na kweli miezi ya mwanzo inaweza ikawa hivyo, mauzo ya paketi yakapanda kabisa. Lakini mtu anayetumia kitu kila siku anajua kilikuwa kinamkalisha siku ngapi. Anaweza asijue gramu, ila anajua kwamba zamani kilifika Ijumaa na sasa Jumatano hakipo, na akishalijua hilo halihesabu kuwa bei imepanda, analihesabu kuwa amepunjwa. Neno kupunja kwetu ni zito. Mtu akikuita ghali anaweza kurudi siku ana hela, akikuita mpunjaji harudi na anawaambia wenzake.

Halafu kuna ule woga wa kwamba ukipandisha bei wateja wote watakimbia. Rudi kwenye hesabu yetu. Usipofanya kitu, paketi 100 zinakuingizia 2,000. Ukiweka 110, paketi 67 tu zinakuingizia 2,010. Maana yake wateja 33 kati ya 100 waondoke ndo unakuwa umerudi palepale ulipokuwa ukikaa kimya. Sisemi ni sawa kupoteza wateja 33, siwezi kusema hivyo, hasa kwa biashara ambayo mteja mmoja anamleta mwingine, ila nataka uone kwamba nafasi uliyo nayo ni kubwa kuliko woga wako unavyokuambia. Weka namba zako mwenyewe hapo, kama faida yako kwa paketi ni nyembamba zaidi ya hii ndo kabisa utashangaa.

Na mteja sio adui wa bei mpya kama tunavyodhani, anachokichukia ni sababu mbaya. Mwaka 1986 watafiti watatu, Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler, walitoa utafiti waliowapigia simu watu wa Toronto na Vancouver, miji ya Kanada. Waliwauliza, duka linauza koleo la kuzolea theluji kwa dola 15, asubuhi baada ya dhoruba ya theluji likapandisha kuwa dola 20, hii ni haki? Asilimia 82 wakasema sio haki. Wakaulizwa swali lingine, saladi imeadimika, muuzaji ameuziwa kwa bei ya juu na yeye akaongeza kiasi kilekile alichoongezewa, hapo asilimia 79 wakasema sawa tu. Angalia tofauti, bei imepanda kote kuwili, ila pale ambapo muuzaji na yeye ameumia watu wanamwelewa, pale anapotumia shida yao wanamkataa. Sasa mwenye biashara ndogo ana kitu ambacho kampuni kubwa haina, anaweza kumwangalia mteja usoni akamwambia mzigo umepanda, tangu wiki jana nanunua hivi. Kampuni kubwa haina uso, inaongea kwa lebo tu, na ndo maana inajificha kwenye kitako cha chupa. Wewe ukijificha hivyo umeitupa silaha yako bora kabisa, na ubaya ni kwamba mteja anajua anakokupata.

Kwa hiyo kupunguza ni makosa siku zote? Hapana. Kupunguza kimyakimya ndo ninakokupinga, na hapo sina nusunusu. Kupunguza waziwazi kuna mahali pake, na njia ninayoiona bora ni kuiacha saizi ya zamani kwa bei mpya halafu ukaongeza saizi ndogo pembeni kwa bei ile aliyoizoea mteja. Mwenye hela kamili anapata cha kununua, mwenye uwezo anaendelea na kikubwa, na hakuna aliyedanganywa kwa sababu vyote viwili viko mbele ya macho yake. Ila hakikisha saizi ndogo inaonekana ndogo, mfuko mdogo kweli, usitumie mfuko uleule ukajaza hewa. Na kama uzito umeandikwa kwenye lebo basi lebo ibadilike siku hiyohiyo, kuandika 500 halafu ndani ukaweka 450 hiyo sio mbinu ya biashara tena, hilo ni kosa la vipimo.

Wenye biashara za huduma nao wasijione hawahusiki. Fundi aliyekuwa anarudi kukagua kazi baada ya wiki sasa harudi, anayesuka alikuwa anaosha nywele kwanza sasa haoshi, bei ileile. Ni kupunguza ujazo uleule ila hakuna gramu za kupima, na kwa maoni yangu kunaumiza zaidi, kwa sababu mteja anakosa hata namba ya kukuonyesha, anabaki na hisia tu kwamba siku hizi hunijali. Kama usafi wa nywele unakula dawa na maji na muda, utoe kwenye bei uuweke peke yake na bei yake, mteja achague.

Sehemu ngumu ambayo sitaki kuikwepa ni mshindani. Wewe umepandisha kuwa 110 kwa uwazi wako wote, jirani ameacha 100 na gramu 417, na mteja anayepita haraka anaona namba mbili tu, 100 na 110. Wiki za mwanzo utaumia, na kama mtaji wako hauwezi kubeba wiki hizo basi fanya ile ya saizi mbili kwanza. Dawa yake ipo na ni ya zamani, bei kwa kipimo. Umoja wa Ulaya uliweka agizo mwaka 1998 kwamba bei ya kilo au lita ionekane pamoja na bei ya bidhaa, japo nchi ziliruhusiwa kuyasamehe maduka madogo. Mimi naona duka dogo lisisubiri kulazimishwa. Chukua kipande cha karatasi ngumu, andika kwa kalamu nene, gramu 500 bei 110, gramu 100 ni 22. Mteja akipita kwa jirani akashika ile ya 417 akapiga hesabu kwenye simu atapata 24. Anza na bidhaa tatu zinazotoka sana, kadi zikae usawa wa macho, na mtu akiuliza kwa nini imepanda mwonyeshe risiti ya mzigo.