Kisu hakizuii mkojo kama wengi wanavyodhani

Siku hizi hapa Dar utamsikia mdada wa mimba ya kwanza, mzima kabisa, anasema anataka kuzaa kwa kisu, yaani apasuliwe, kwa sababu hataki kuja kuvuja mkojo kila akikohoa. Hoja anayo. Mtoto akipita kawaida misuli ya nyonga inavutika sana, na utafiti wa Marekani wa 2018, wanawake zaidi ya 1,500, ulionyesha hatari ya kizazi au kibofu kushuka kwa waliopasuliwa ilikuwa kama robo tu ya waliozaa kawaida. Waliovutwa mtoto kwa vifaa ndio hali mbaya zaidi. Hilo halina ubishi.

Ila mkojo ni habari nyingine. Norway waliangalia wanawake zaidi ya 15,000, matokeo yakatoka 2003: wanaovuja kati ya wasiowahi kuzaa ni asilimia 10, waliozaa kwa kisu tu 16, waliozaa kawaida 21. Hebu zisome taratibu hizo namba. Kisu hakijakurudisha kwenye 10, maana mimba yenyewe nayo imeibebesha hiyo misuli mzigo miezi yote ile, kwahiyo kati ya wanawake 100 waliopasuliwa ni kama watano tu ndio kisu kimewaepusha, waliobaki wote wameondoka na kovu na kwenye mkojo hakijawasaidia kitu. Watafiti wenyewe waliandika kabisa kwamba matokeo yao yasitumike kuhalalisha kuongeza upasuaji.

Na huku kwetu wanawake wengi hawaishii mtoto mmoja, wastani ni karibu watano, na kila kovu linaongeza uwezekano wa kondo la nyuma kung'ang'ania pale pale kwenye kovu mimba inayofuata, damu zikatoka mpaka mtu anatolewa kizazi.

Msichanganye na fistula lakini, lile tundu kati ya kibofu na uke linalovujisha mkojo muda wote. Ile inatokana na mtoto kukwama masaa na masaa bila msaada, na hapo kisu cha mapema ndio mkombozi, akitokea mtu anakuambia jikaze uzae kawaida usimsikilize.

Kinachoniuma ni yule mama aliyesimama kwenye daladala la Mbagala, kila tuta anabana miguu, pedi ndani na kanga ya akiba kwenye mkoba, na anajua ndio uzazi ulivyo. Wiki ya sita alienda kliniki, mtoto akapimwa uzito akachomwa chanjo, yeye akaulizwa uzazi wa mpango basi. Hakuna aliyemuuliza mkojo ukoje, wala kumuelekeza kubana ile misuli kama anayezuia haja na kuachia, mara kadhaa kila siku kwa miezi, mazoezi yasiyo na gharama ambayo angeweza kuanza hata akiwa mjamzito.