Mtoto ashaanza Ritalin, sasa nani yuwampima?

Hapa Mombasa ukitaja kumpa mtoto dawa ya ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kumakinika, la kwanza utakaloambiwa ni ati unamfunza unga mapema. Na si upuzi, mji huu tumezika vijana wengi kwa heroini, na 2024 gavana Nassir alipopiga marufuku muguka, majani ya kutafuna jamii ya miraa, kila baraza lilikua na lake la kusema. Sasa mama aambiwe mwanawe wa miaka saba apewe stimulanti, dawa ya kuchangamsha ubongo, ambayo mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 waidhibiti, asiogope? Hata WHO, Shirika la Afya Duniani, walikataa kuitia methilfenideti, ndio hiyo Ritalin, kwa orodha ya dawa muhimu 2019 na tena 2021, ushahidi wa faida na madhara hawakuridhika nao.

Hoja nzito hiyo. Lakini wengi wanaoishika huuliza dawa gani, hawaulizi ilitolewa vipi.

Kuna utafiti wa Marekani waitwa MTA, matokeo yalitoka 1999, watoto 579 wa miaka 7 hadi 9. Kundi moja lilitafutiwa dozi kwa makini na kuonwa na daktari kila mwezi, jengine likaachwa liende kwa madaktari wao wa kawaida, na hawa pia kama thuluthi mbili walipewa dawa. Baada ya miezi 14 lile la kwanza lilikua mbele sana. Dawa zile zile jamani! Kilichozidi ni kufuatiliwa: walimeza mara tatu kwa siku badala ya mbili, na mwalimu aliulizwa mtoto yuaje darasani.

Hilo la mara tatu lifikirie kwa mtoto wa hapa, asubuhi skuli, jioni chuo cha Qurani. Tembe ya kawaida nguvu zake ni masaa matatu manne. Akimeza saa moja asubuhi, saa tano imekwisha. Ticha asema mashallah katulia, maalim jioni asema mbona ni yule yule, nyumbani wakaona dawa haifanyi kitu wakaongeza ya asubuhi, mtoto akawa kimya, hacheki, hachezi, na jirani naye si niliwaambia. Ule ukimya mara nyingi ni dozi imezidi, daktari huipunguza. Na ya jioni dawa yake ni kupanga masaa, pengine tembe ndogo ya mchana au ile ya kukaa muda mrefu, ila ukichelewesha sana usiku hamlali nyote.

Kwa kawaida daktari huanza na miligramu 5 mara moja au mbili kwa siku, akapandisha 5 hadi 10 kwa wiki, na mwisho ni 60 kwa siku, wengi hawafiki huko. Uzito peke yake hauamui, kibonge aweza kutosheka na kidogo kuliko mwembamba.

Madhara yapo, tusifichane. Hamu ya kula hupotea, wengine urefu huchelewa kidogo, moyo na presha hupanda. Ndio mwongozo wa Uingereza wa NICE ukasema wa miaka 10 kushuka chini apimwe uzito kila miezi 3, urefu kila miezi 6, presha na mapigo kila dozi ikibadilishwa halafu kila miezi 6. Na kabla ya yote aulizwe, ashawahi kuzirai akikimbia? Kuna mtu wa familia alikufa ghafla kijana? Chakula nacho chapangika, mahamri na mbaazi kabla ya tembe, na cha usiku akile nguvu za dawa zikishakwisha. Ramadhani kama ashaanza kufunga, daktari aambiwe mwezi haujaandama.

Wanaopinga wananipata hapa: mtu wa Likoni avuke feri kila mara, nauli, kibarua kimepotea, daktari mwenyewe ana foleni. Mzazi akipewa karatasi ya dawa za miezi mitatu bila mtoto hata kupandishwa mzani, akaikataa, mimi simlaumu. Lakini kupima urefu na presha hakutaki daktari bingwa, nesi wa dispensari ya karibu aweza, bora awe na mkanda wa presha wa saizi ya mtoto, akaandika kwa kadi kama ile ya kliniki, na feri ikabaki kwa siku za kubadilisha dozi.